Mrejesho: mafuta sasa yanakokotolewa yenyewe TAF ikibadilika

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini programu yetu ya kupanga safari za ndege, niliyoiwekea kanuni ya kukokotoa mafuta upya kila TAF (utabiri wa hali ya hewa) ya kiwanja cha kutua inapobadilika, ilikuwa inakokotoa bila kukoma mpaka inaganda.

Aliyenishauri nisome kwanza kumbukumbu za matukio, Mungu ambariki. Nilikuta mpango mmoja umekokotolewa mara 41 ndani ya dakika sita! Kanuni yangu ilisubiri tukio la "mpango umebadilika", na yenyewe ikimaliza kukokotoa inaubadilisha mpango, basi inajiamsha tena. Nimeihamishia kwenye tukio la "TAF mpya imepokelewa", na sharti kwamba ndege iwe bado haijaondoka.

Kosa la pili lilikuwa saa. Kwenye TAF, BECMG 1218/1220 maana yake ni hali ya hewa itabadilika tarehe 12, kati ya saa 18 na 20 UTC (saa ya kimataifa). Mimi nililinganisha na saa ya kompyuta, kwa hiyo tahadhari za ukungu zilikuwa zinakuja kwa muda usio wake. Sasa kila kitu kinasoma UTC.

Kutuma mpango moja kwa moja nimekataa kabisa, ingawa wawili mlinishauri hivyo. Kanuni inaandaa rasimu na kumjulisha mpangaji wa zamu. Kuidhinisha mafuta kunabaki kwake na kwa rubani.

NOTAM (matangazo ya tahadhari kwa marubani) bado sijazigusa. Nitaanza na zile za kufungwa kwa njia ya kurukia.