Naomba ushauri: wanzuki inagoma kuchachuka ikiwa bado tamu

Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini, natengeneza pombe nyumbani miaka mingi sasa, ya kunywa na jamaa tu, siuzi. Pombe ya mtama na mvinyo wa rozela havinisumbui. Shida ni wanzuki, yaani pombe ya asali.

Nachanganya asali ya miombo kilo moja na nusu na maji yaliyochemshwa yakapoa, jumla lita 5, naweka hamira ya mikate. Mfuniko wa ndoo una mpira wa kutolea gesi unaoishia kwenye chupa ya maji. Mwanzoni inatoa mapovu vizuri, kisha kimya, na ukionja bado ni sharubati. Oktoba hii joto la mchana linapita nyuzi 30, kwa hiyo nimeizungushia ndoo gunia lililoloweshwa. Nikaongeza hamira pia. Wapi! Shemeji akaijaza kwenye chupa hivyohivyo, mbili zikapasuka (sijui nani alimtuma).

Najua asali ina naitrojeni kidogo, hamira inakosa chakula. Je, niilishe zabibu kavu au hamira iliyochemshwa, na kiasi gani kwa lita 5? Na bila haidromita (kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki kwenye pombe), nitajuaje imeisha kweli kabla ya kufunga chupa?