Naomba ushauri: dada kaacha diazepam ghafla, sasa anatetemeka

Wakuu habari, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu au daktari. Dada yangu yupo Mbagala, katumia diazepam miligramu 5 kila usiku muda mrefu tu, alianzishiwa kwa ajili ya wasiwasi na moyo kwenda mbio, baadae akawa anajinunulia mwenyewe famasi. Juzi kati mashoga zake wakamwambia "utakuwa teja wewe", basi kazimwaga zote chooni. Tangu hapo halali, jasho linamtoka na feni iko namba tano, jana kikombe cha chai kimemshinda kushika nusu yote ikaishia kwenye kisosi. Shemeji anasema ugonjwa umerudi, mi naona ni mwili unadai dawa.

Mfamasia mmoja kaniambia dawa za jamii hii mwili ukishazizoea ukakata ghafla unaweza kupata hata kifafa, eti inabidi daktari amrudishie dozi kisha ipunguzwe kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa, inaweza kula miezi, na pombe asiguse. Nataka nimpeleke Muhimbili kwa madaktari wa afya ya akili ila akisikia neno akili ananuna, anasema yeye sio chizi (sijui nani katuroga na hili neno).

Kuna aliyepunguza hivi, usingizi ulirudi? Kidonge mnakata robo au mlipewa vya miligramu 2? Na nimshawishije twende leo leo, maana akianza kuweweseka au kukakamaa hapo ni emajensi moja kwa moja