Nafundisha viongozi wa makanisa ng'ambo ya ziwa, mbona nikirudi nakuta ni kama sijafundisha?

Mwalimu_Kgm (Kigoma)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba niwasumbue kidogo, hili jambo limenikaa moyoni toka nimerudi juzi na usingizi hauji vizuri.

Mimi ni mwalimu wa neno, naishi hapa Kigoma mjini ila kwetu ni Kasulu. Mwaka wa sita huu navuka ziwa Tanganyika kwenda Kongo upande wa Kalemie, na mara nyingine napitia Manyovu kuingia Burundi (huko sipati shida ya lugha, sisi Waha na Warundi tunasikilizana), nafundisha wachungaji na wazee wa kanisa wa makanisa madogo ya vijijini ambao chuo cha Biblia hawajakaa hata wiki moja. Huwa ni semina ya siku tatu au nne, wanakuja watu hamsini sitini, wengine wametembea kwa mguu kutwa nzima, tunafundisha, tunaomba, tunapiga picha, nagawa vyeti, napanda boti narudi. Na nilikuwa naona kazi inaenda.

Sasa safari hii siku ya pili nipo katikati ya somo la maono ya kiongozi, mvua ikashuka. Kanisa ni bati tupu halina dari, na mvua ya huku ziwani mnaijua, hata unachosema mwenyewe hukisikii. Nikaacha kufundisha nikaenda kukaa benchi la nyuma pembeni ya mzee mmoja mchungaji, ana kama miaka sabini hivi, daftari lake kalifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Nikamwomba nilione. Ndugu zangu, mle ndani somo la "Sifa za kiongozi" limeandikwa mara tatu! Tarehe tofauti, wageni tofauti waliopita pale, na moja ni langu mwenyewe la mwaka juzi, mwandiko umenyooka kabisa, na katikati ya daftari vyeti vinne vimekunjwa vizuri.

Basi mzee akaniinamia sikioni akaniuliza kwa sauti kubwa kwa sababu ya ile mvua, mwalimu, Jumamosi namzika muumini wangu, ana wake wawili, huyu mdogo ndo alikuwa anasali na sisi, mkubwa hajaokoka, sasa pale kwenye jeneza nimkalishe nani, na watoto wa huyu mdogo niwataje au ninyamaze?

Sikuwa na jibu. Nina kurasa arobaini za maono na mkakati kwenye begi na sikuwa na neno moja la kumpa mzee wa watu. Mvua ikakatika, nikasimama, nikaendelea na somo langu la maono kama vile sijaulizwa kitu. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo.

Swali langu kwa mnaotumika nje ya nchi: mnafanyaje ili mtu alelewe kweli, sio kuongezewa cheti cha tano? Mimi huku yeye kule, ziwa katikati. Na hili la nauli na posho mnalimalizaje, mana kuna mahali wameniuliza bahasha kabla hawajauliza somo.

---

Mzee_Unyanyembe (Tabora)

Mwanangu, amani ya Bwana iwe nawe. Nimestaafu uchungaji, nipo hapa Tabora nalima, ila nimefundisha Burundi na upande wa Uvira kule Kongo miaka mingi na hicho kidonda ulichonacho nakijua.

Mimi nilichoacha kwanza ni hesabu ya watu. Semina ya watu sitini ni mkutano, sio malezi. Angalia Paulo pale Efeso, Matendo 19, anakaa anahojiana kila siku kwenye darasa la Tirano miaka miwili, na sura ya 20 mwenyewe anawakumbusha wale wazee kwamba alikuwa nao miaka mitatu usiku na mchana. Na alipoondoka Krete hakuacha vyeti, alimwacha Tito, mtu mzima mzima, akae pale atengeneze yaliyopunguka na kuweka wazee kila mji. Sasa sisi tunaenda siku tatu tunategemea matunda ya miaka mitatu.

Nilichagua watu watano tu, na waliobaki nikaonekana nina upendeleo, nikavumilia. Kila nikienda naenda kwa hao hao na nalala kwao, sio gesti. Jumapili sihubiri, nakaa nyuma namsikiliza yeye anahubiri, jioni tunatembea kwenda kisimani au shambani kwake ndo tunaongea. Mambo ya kweli hayatokei kwenye ubao mwanangu, yanatokea njiani.

Nikupe moja. Nililala kwa mchungaji fulani usiku mtoto wake akashikwa na homa, nikamwona mwenzangu anainama chini ya kitanda anavuta sanduku, ni la sadaka, anachukua hela ya dawa. Hakuwa mwizi. Akipata anarudisha, ila kiasi gani kilitoka na kiasi gani kilirudi hakuna anayejua, hata yeye, na kanisani manung'uniko yalishaanza na wawili walishahama. Mimi nilikuwa nimemfundisha "Uwakili" miaka miwili mfululizo na Malaki tatu yote anaijua kwa kichwa! Kesho yake Jumapili tukakaa watu watatu kwenye meza ile ile ya madhabahuni, ibada haijavunjika vizuri, tukahesabu sarafu kwa sauti, tukaandika kwenye daftari tarehe na kiasi, wote watatu wakatia sahihi, ufunguo akachukua mama mmoja mzee, sanduku lenyewe likawa linalala kwa shemasi. Hilo tu. Nilivyorudi baada ya miezi nane ndo kitu cha kwanza alichonionyesha, hata chai sijanywa, kurasa zimejaa sahihi.

Na elewa hili sio jipya. Theolojia kwa Enezi ilianza Guatemala mwaka 1963 kwa sababu hiyo hiyo, viongozi wa vijijini wana mashamba na familia, hawawezi kwenda kukaa chuo, basi mwalimu akawafuata, wanasoma nyumbani kwao wiki nzima alafu wanakutana naye kuyajadili na kuyafanyia kazi. Ukikata ile sehemu ya kukutana na kujadili unabaki na makaratasi.

Bahasha: mimi nasema mapema kwa barua, kila mtu aje na unga wake na maharage, kanisa mwenyeji watoe kuni na mahali pa kulala, mimi naleta madaftari na kalamu. Wengine hawatakuja. Waliokuja ndo wako. Ila mzee aliyetembea kutwa nzima nauli ya kurudi mpe mkononi, usimtungie kanuni.

---

KijanaWaKibirizi

Ya kiroho wazee wameshaongea, mimi naongezea ya safari kwa wanaotaka kuanza. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, Kongo wanaidai. Dola ziwe safi, iliyochanika hata kidogo tu au iliyochakaa hawapokei sokoni, utabaki nayo. Kongo imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2022 lakini hilo lisikufanye uende kichwa kichwa, pita Uhamiaji uulize karatasi gani unatakiwa uwe nayo, na barua ya mwaliko iwe imeandikwa Kifaransa mana ofisini kule ndo lugha yao.

Alafu uliza mapema unaenda kwa nani. Kule Waprotestanti wako chini ya mwavuli mmoja, ECC (yani Kanisa la Kristo Kongo), na kila jumuiya, yani dhehebu, ina namba yake, utasikia mtu anakwambia yeye ni wa nane CEPAC mwingine wa tano CELPA, ukifika mji wa wenyewe ukakusanya wachungaji wa namba zote bila wakubwa wao kujua umewaletea kesi wanafunzi wako, wewe unapanda boti wao wanabaki nayo.

---

MamaFuraha_Nyarugusu

Shalom watumishi. Mimi ni Mukongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi hapa Nyarugusu toka nikiwa mtoto, hii kambi ni ya 1996, na bwana yangu ni mchungaji. Semina za wageni nimeziona nyingi sana na nataka mwalimu nikwambie upande ambao pengine haujauona.

Pale unaposema wamekuja watu sitini, nani amepika? Sisi. Tunaamka saa kumi usiku, ugali wa watu sitini, samaki, sombe (kisamvu), maji ya kuoga ya mgeni, siku tatu tupo nyuma ya kanisa kwenye moshi tunasikia sauti ya mwalimu kwa mbali, siku ya mwisho mnatuita mbele mnatushukuru tunapigiwa makofi. Na kule kijijini msiba ukitokea usiku mtu wa kwanza kugongewa ni mama mchungaji. Msichana akipata mimba anakuja kwa mama mchungaji. Wale wake wawili wa marehemu, nakuapia walishakuja kulia jikoni kwa mke wa yule mzee kabla mzee hajajua kama kuna shida. Mwalimu, ulimuuliza huyo mama mchungaji? Apolo mwenyewe pamoja na ufasaha wake wote alichukuliwa nyumbani na Prisila na Akila wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi, na Prisila alikuwepo kwenye hiyo kazi.

Mgeni mmoja tu nimemwona alifanya tofauti, alisema chakula ni mara moja kwa siku, saa nane, na kinapikwa na kila mtu kwa zamu, wanaume pia, hakuna somo mpaka vyombo vimeoshwa na kina mama wote wamekaa ndani. Wachungaji walinung'unika siku ya kwanza. Lakini mimi daftari langu la kwanza katika maisha yangu ni la semina hiyo, bado ninalo.

Na jambo la lugha msidharau eti wote tunasema Kiswahili. Mgeni wa kutoka huko Tanzania alisimama akasema "kiongozi usikubali kutumika na wanasiasa", yeye alimaanisha wasikutumie. Lakini kwetu kutumika ni kufanya kazi! Mzee wa kanisa mmoja anatumika kwa leta, yani serikali, alisikia ameambiwa aache kazi au aache uzee, aliondoka na familia yake yote. Ilichukua miezi kumrudisha. Kwa hiyo ukisema jambo, muombe mmoja wao aliseme tena kwa maneno yake mbele ya wote, utasikia kilichofika.

---

Msomi_Kasulu

Nakubaliana na mengi ila vyeti msivitupe haraka hivyo. Kwa jirani zetu Rwanda sheria ya 2018 ilitaka kiongozi msimamizi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, na makanisa mengi yalifungwa, kuna wachungaji wazuri kabisa walikwama kwa kukosa karatasi. Yule mzee hakukunja vile vyeti bure, kwake ni ushahidi kwamba amejitahidi. Shida ni kwamba havihesabiki popote. Ukifundisha, ongea na chuo cha Biblia kilichopo kule kwao wayapokee yale masomo kama sehemu ya kozi, ndo utakuwa umemsaidia kijana wa leo.

---

Mwalimu_Kgm (Kigoma)

Nimewasoma wote, mengine nimesoma nikiwa nimepiga magoti. Mama Furaha, sikumuuliza huyo mama. Miaka sita nimekula kwa yule mama na jina lake silijui.

Jana nimetafuta namba ya shemasi wa pale nikapiga, mtandao unakatika katika, mwishowe mzee akaja hewani. Nikamwomba msamaha kwamba aliniuliza nikamkimbia. Akanyamaza kidogo akasema mwalimu tulishazika. Nikamuuliza ulifanyaje. Anasema Ijumaa usiku mke wake alienda kulala msibani na wale wajane wote wawili chumba kimoja, asubuhi wakatoka wameshikana mikono, akawakalisha mkeka mmoja, mkubwa kulia mdogo kushoto, akasoma majina ya watoto wote tisa kwa umri bila kutenganisha tumbo, ibada ikaendelea. Yule mkubwa Jumapili iliyofuata alikuja kanisani.

Mimi nilikuwa naenda kumfundisha huyu mtu sifa za kiongozi.

Nimemwambia safari ijayo siji na somo, nakuja kulala kwake siku kumi na nataka yeye na mama wawasimulie wachungaji wengine wanne huo msiba mwanzo mpaka mwisho, alafu kila mmoja alete la kwake lililomshinda tulikalie na Biblia mbele yetu. Akauliza, na cheti? Nikamwambia la chuo nalifuatilia, Msomi nitakutafuta inbox unielekeze pa kuanzia.

Mama Furaha, ile zamu ya kupika, mliipangaje mpaka wale wachungaji wakakubali kushika mwiko? Nataka niiandike kwenye barua kabla sijavuka.