Nimeuziwa riwaya za fotokopi kwa bei ya orijino, huu ni wizi

Wakuu habari zenu, nina hasira sana leo kwa hiyo mnivumilie.

Kuna muuzaji wa vitabu mtandaoni, jina naliweka pembeni kwanza, alitangaza riwaya za kihistoria na zile za ulimwengu wa ajabu, akaandika kabisa "mpya, orijino, zimebaki chache". Mi niko Mwanza, huku ukitaka riwaya ambayo walimu hawajaagiza ni shughuli, maduka yamejaa vitabu vya maswali na majibu tu. Sa nilivyoona kwenye picha zake kuna Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kuna Nagona, kuna Vuta N'kuvute na Peponi, vyote vinne nilikuwa navitafuta vya kuongeza kwenye kabati langu, nikatuma hela yote na ya basi juu.

Mzigo umefika nafungua nakuta fotokopi. Vyote vinne! Gamba limeskaniwa limepauka, maneno ya upande wa ndani yamemezwa na gundi yaani mpaka ukivunje kitabu mgongo ndo uone mwisho wa mstari, na ukishakivunja kurasa zinaanza kuchomoka moja moja.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo Myombekere. Kwa wasiojua, Aniceti Kitereza alikuwa mtu wa hapa hapa ziwani, Ukerewe. Hiyo riwaya aliimaliza 1945 kwa Kikerewe akakosa wa kumchapia, miaka ikapita, akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House (TPH) ndo wakaja kuitoa kwenye 1980 huko, na mzee akafariki 1981 kitabu chake hajakishika mkononi. Mule ndani kuna Wakerewe walivyokuwa wanaishi kabla mzungu hajafika, wanavyolima, wanavyovua, wanavyoganga, wakwe wanavyoheshimiwa. Sasa yangu mimi imefika pale Myombekere anahangaika na pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni ili arudishiwe mke wake, kurasa hazipo, zimerudiwa zile za nyuma. Mtu kasubiri miaka 35 kazi yake itoke halafu wewe na mashine yako ya stationery unairuka sehemu kama hiyo, hivi una roho ya aina gani?

Nagona ndo kabisa, kurasa zimepangwa ovyo. Na Nagona ya Kezilahabi yenyewe inaenda kama ndoto, mara upo hapa mara pale, msomaji mgeni atadhani ndivyo mwandishi alivyotaka na atamaliza kitabu amesoma kitu kingine kabisa! Hilo ni kosa kubwa kuliko hata hela yangu.

Halafu Vuta N'kuvute jamani, kitabu kinasomwa mpaka kidato cha tano na sita, orijino zipo, unapiga kopi ya nini? Na Peponi imetoka juzi tu 2022, mwandishi wake Gurnah kapata Nobel ya fasihi 2021, Ida Hadjivayanis kakaa chini kaitafsiri ikasomeka Kiswahili kweli kweli, Mkuki na Nyota wakaichapa. Riwaya yenyewe ya Kiingereza ni ya 1994, tumeisubiri muda wote huo. Mchapishaji anayethubutu kutoa riwaya ya Kiswahili nchi hii anajitoa mhanga, akiibiwa hivi kesho hatatoa nyingine, atachapa vitabu vya shule tu na sisi tutabaki tunalalamika hakuna vitabu.

Najua kuna watakaosema Myombekere haipatikani bora kopi kuliko kukosa. Sawa, kuadimika nakujua, nimeitafuta sana. Lakini huyu hakusema ni kopi, kasema orijino na bei kachukua ya orijino. Na sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtu mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, yani hata Kitereza bado yumo, familia yake ina haki pale.

Nimemwandikia huyo muuzaji kwa upole tu, nikamtumia picha za kurasa, kajibu "dada si yanasomeka lakini", nilivyoomba hela yangu akanibloku. Yanasomeka!

Naomba mnisaidie mambo mawili. Aliyewahi kupeleka malalamiko COSOTA, wale wa hakimiliki, kuhusu vitabu, sio muziki, aniambie alianzia wapi na walitaka ushahidi gani, risiti ya muamala ninayo na meseji zote ninazo. Na mwenye Myombekere orijino, hata iwe imechakaa gamba halipo, mradi kurasa zote zimo, aje PM, ila picha za ndani kwanza kabla sijatuma chochote. Na wewe muuzaji najua humu unapita, rudisha hela na uondoe hilo tangazo, la sivyo Ijumaa naweka jina, namba na picha zote hapa hapa.