Salamu ya bandarini

Kikundi: Ukoo wa Bibi, Kikwajuni
Jumamosi

Mdogo Wetu, saa 4:10 asubuhi
Asalaam alaykum ukoo mzima. Bibi, Ami na Shangazi, shikamooni. Nimekaa juu ya rikwama langu nje ya geti la bandari ya Malindi, abiria wa boti ya asubuhi wameshatawanyika, na nina jambo limenikaa kooni ambalo nikilinyamazia nitashinda nalo kutwa. Leo nimembebea mizigo msanii wa filamu ambaye sote humu tumemwangalia kwa miaka. Alikuwa na mabegi mawili makubwa na boksi moja lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilimwambia, "Asalaam alaykum kaka, karibu Unguja," asijibu. Nikadhani honi ya boti imenimeza sauti, nikarudia tulipofika penye kivuli ambapo hapakuwa na kelele yoyote. Safari hii alinitazama, kisha akaitazama simu yake.

Mdogo Wetu, saa 4:13 asubuhi
Tulipofika kwenye gari alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega. Alitoa noti ya shilingi elfu kumi, akainyoosha ubavuni kwa vidole viwili huku uso wake ukiwa upande wa pili, nami nikabaki nimesimama na boksi kichwani, begi mkono huu na begi mkono huu, sina mkono wa kuipokelea. Noti ikaanguka. Dereva wa gari ndiye aliyeinama akaiokota, akanitia mfukoni na kuniambia, "Pole, ndugu yangu." Kwa mizigo ile mimi hudai elfu tatu, na mtu akiwa mkarimu sana hunipa elfu tano. Kwa hiyo sikudhulumiwa hata senti moja. Naandika kwa sababu sijui hasa ninacholalamikia, na bado nina uchungu.

Shangazi (Magomeni), saa 4:21 asubuhi
Wa alaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Pole kwa noti kuanguka, hilo silitetei. Lakini nakuomba umpe mwenzio udhuru. Mtu huyu tangu alipotoka nyumbani kwake alfajiri, dereva wa teksi amemwambia jambo, mkata tiketi amemwambia jambo, na ndani ya boti, kwa muda wa saa mbili, kila aliyekwenda chooni amepitia kwenye kiti chake kwa makusudi. Kwako wewe ile ilikuwa salamu ya kwanza, kwake huenda ilikuwa ya mia. Tena amekulipa zaidi ya mara tatu ya bei yako. Wapo wanaokusalimia kwa bashasha mpaka wakakuulizia wazazi na majirani, na wakifika kwenye gari wanakupunja elfu moja.

Ami, saa 4:34 asubuhi
Wa alaykumu salaam nyote. Dada, udhuru nami nampa, maana huenda simu ile ilikuwa ya msiba na sisi hatujui. Ila tusichanganye hesabu mbili. Ujira ni wa mzigo, na umelipwa. Salamu ni hesabu nyingine, nayo hailipwi kwa noti. Sisi tulifundishwa katika chuo cha Qur'ani, tungali watoto wa kukalia mkeka, kwamba kutoa salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu, na aya ya 86 ya Suratun-Nisaa inamtaka anayeamkiwa arudishe maamkio yaliyo bora zaidi, au angalau yaliyo sawa na hayo. Haikumtoa sultani, wala haikumtoa mtu anayejulikana mitaani. Kijana wetu angeomba picha akakataliwa, ningemwambia mimi mwenyewe anyamaze, kwa kuwa picha ni ombi na mwenye kuombwa ana hiari. Huenda mtu amechoka, ana haraka, au hataki uso wake uzagae kwenye simu za watu, na hiyo ni haki yake. Salamu haimnyang'anyi mtu chochote.

Shangazi (Magomeni), saa 4:40 asubuhi
Kaka, siku hizi salamu ndiyo mlango wa picha. Msanii akishaitikia mbele ya geti, aliyemsalimia tayari ameinyanyua simu, amemzungushia mkono begani bila ruhusa, na nyuma yake wamepanga foleni watu ishirini. Akimkubalia mmoja na kumkatalia wa pili, jioni ataambiwa ana maringo. Nadhani wengi wao wamejifunza kuufunga mlango mapema kwa sababu sisi hatukujua kuishia kizingitini.

Ami, saa 4:43 asubuhi
Hilo ni kweli dada, na linanisikitisha zaidi kuliko ile noti, kwa sababu maana yake ni kwamba salamu yenyewe tumeitia shaka.

Kaka wa Muscat, saa 4:52 asubuhi
Asalaam alaykum. Bibi na wazee wangu, shikamooni. Huku tumewatangulia kwa saa moja na niko kwenye mapumziko ya kazi. Mniruhusu nitoe mfano wa N'Golo Kanté, kwa kuwa mimi ni mtu wa Chelsea na jambo hili nimelihifadhi moyoni. Septemba 2018, baada ya Chelsea kuifunga Cardiff mabao 4 kwa 1, alikosa treni ya kwenda Paris. Ilikuwa miezi miwili tu tangu atwae Kombe la Dunia na Ufaransa. Alikwenda kuswali katika msikiti mmoja wa London, na huko akakutana na vijana waliomkaribisha nyumbani kwao, na mwenyeji wake alikuwa shabiki wa Arsenal. Akaenda. Walikula mchuzi, wakacheza mpira wa kwenye televisheni, wakaangalia mabao ya mechi za siku ile pamoja, kama vijana wowote wanavyokaa sebuleni Jumamosi usiku. Ndiyo, picha zilipigwa, na ndizo zilizotufikia huku. Lakini angalieni mpangilio wa mambo: kwanza walikuwa waumini katika safu moja, kisha mwenyeji na mgeni, na picha zikaja mwisho.

Kaka wa Muscat, saa 4:55 asubuhi
Na hapo jirani Kenya, Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anajulikana kwa kuishi kambini Kaptagat na wakimbiaji wenzake na kuosha vyoo kwa zamu kama wao. Nadhani mtu anayeshika zamu ya choo hawezi kumsahau mwenye kazi hiyo anapomkuta hotelini au bandarini.

Dada Muuguzi (Dar), saa 5:20 asubuhi
Shikamooni wazee. Nimetoka zamu ya usiku, nimesoma yote, na nimeona ni lazima niseme kabla sijalala. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea wodini mtu ambaye sauti yake inapigwa kwenye kila daladala. Sitasema ni nani wala aliumwa nini, kwa sababu kiapo chetu kinanizuia na hata kisingenizuia nisingesema. Siku ya pili nilimkuta amejifunika kanga mpaka kichwani kwenye joto la mchana. Nikadhani homa imempanda. Kumbe nje ya dirisha kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekuja kumtazama jamaa yake, ametumbukiza mkono wenye simu kati ya vioo vya luva na anapiga picha bila hata kuona anachokipiga. Nilikwenda kumzuia, akaniambia, "Nesi, sisi ndio tuliompa jina."

Dada Muuguzi (Dar), saa 5:24 asubuhi
Jambo la pili ni hili. Wodi yetu ilikuwa na mama wa usafi, mtu mzima, aliyekuwa akiingia saa kumi na mbili asubuhi na ndoo yake. Mgonjwa yule, akiwa na dripu mkononi, alikuwa akijiinua kwenye mto na kumwamkia "Shikamoo mama" kabla hajaniuliza mimi habari ya dawa. Alifanya hivyo kila siku mpaka alipotoka. Mama yule hakuwa akimjua hata kidogo, maana nyumbani kwake hakuwa na televisheni, na alinieleza kwamba kitanda cha nne kina kijana mwenye adabu. Mdogo wangu, uchungu wako nauelewa kwa sababu nimeona salamu ilivyomkaa mama yule usoni.

Dada Muuguzi (Dar), saa 5:26 asubuhi
Na nitasema la tatu kwa heshima zote. Wiki ile ile nilipokea ujumbe kutoka kwa mtu wa humu ndani, aliyenisihi nimpige mgonjwa yule picha moja tu, hata ya mgongoni.

Shangazi (Magomeni), saa 5:41 asubuhi
Ni mimi. Sitaki mjukuu yeyote humu ashukiwe kwa kosa langu. Nilikuomba mwanangu, ukakataa, nami nikakununia mwezi mzima, nikasema umesomeshwa ukasahau kwenu. Leo nakuomba radhi mbele ya wote.

Nataka niwaeleze jambo hili linatoka wapi, kwa sababu nimelifikiria tangu nilipoandika habari ya kizingiti. Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nilikwenda viwanja vya Leaders hapa Dar kumuaga. Nilitoka Magomeni peke yangu. Watu walikuwa wengi kiasi cha kukosa pa kutia mguu, na waliozimia walikuwa wakibebwa juu juu kupitishwa vichwani petu. Nililia kama niliyefiwa na mdogo wangu wa tumbo moja, na mtu yule hakupata kunijua mchana wala usiku. Alikuwa akiingia sebuleni kwangu kila jioni wakati mume wangu yuko safarini na watoto wamelala. Sauti yake niliijua kuliko sauti ya jirani wa ukuta mmoja. Sisi tunawajua wao miaka kumi, wao wanatuona kwa nukta moja, na katika nukta ile tunataka watulipe miaka yote kumi. Ndiyo maana asipoitikia mpita njia tusiyemjua tunasahau kabla ya kona, lakini asipoitikia mtu wa namna hii tunahisi tumekanwa na ndugu. Nilipokuwa nikimtetea msanii huyu asubuhi, nadhani nilikuwa nikijitetea nafsi yangu.

Dada Muuguzi (Dar), saa 5:44 asubuhi
Shangazi, nilishakusamehe tangu siku ile, na wewe unisamehe kwa kulitaja hadharani. Nakupenda sana.

Mimi, saa 6:05 mchana
Shikamooni wazee wangu. Nimemsomea Bibi kila ujumbe tangu wa kwanza. Amekaa barazani anachagua mchele, na ameniamuru niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nisimtengenezee.

Bibi anasema: "Mnazungumza kama kwamba watu wenye jina wameanza jana. Hapa mjini tulikuwa na Fatuma binti Baraka, Bi Kidude. Aliimba Ulaya na Japani, akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 Rais Kikwete na Rais Shein walikuwapo mazikoni. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kwenye unyago wa mabinti wa watu, na wengi wao hawakuwa watoto wa wakubwa. Hatukumwita msanii wala staa. Tulimwita Bi, na Bi ni neno la nyumbani. Kijana aliyempita bila kumwamkia alikaripiwa na wapita njia, kwa sababu alikuwa mtu mzima kabla hajawa kitu kingine chochote. Ninyi sasa mmewaondoa hawa watu katika umri na katika ujirani. Hawana tena kaka, hawana tena mama, kila mmoja ni jina tu na picha. Mtu akikaa muda mrefu bila kuitwa baba fulani au mwana wa fulani, naye atasahau namna ya kuitikia."

Mimi, saa 6:09 mchana
Bibi anaongeza: "Mwambie mjukuu wangu kwamba alilotenda lilikuwa sawasawa, na aliporudia mara ya pili alifanya vizuri zaidi, kwa kuwa mgeni ndiye aliyeshuka kwenye boti na mwenyeji ndiye aliyekuwa na rikwama. Boti nyingine ikiingia aanze yeye tena kusalimia. Na sasa aniambie, ni nani huyo? Isije ikawa ni yule ninayemwita mwanangu kila jioni."

Mdogo Wetu, saa 6:38 mchana
Bibi, nisamehe nimechelewa kujibu, boti ya saa tano na nusu ilikuwa imejaa. Nimesoma yote nikiwa nimesimama. Ahsante Ami kwa kunitenganishia zile hesabu mbili, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kinachoniuma. Shangazi, maneno yako yameniliza na sioni haya kusema.

Jina, Bibi, naomba usinidai. Dada hakumtaja mgonjwa wake mpaka leo, na mimi kazi yangu ni ndogo kuliko yake lakini nayo ina amana yake: hamali hatangazi mzigo wa mtu aliobeba. Tena maneno ya ukoo huu hufika Pemba kabla ya adhuhuri. Msanii huyu atarudi bandarini siku ya kuondoka, na nikimkuta nataka nimsalimie nikiwa sijamchafua kwa yeyote.

Mdogo Wetu, saa 6:42 mchana
Nilisahau jambo moja. Yule dereva aliyeokota noti alirudi kuegesha gari karibu na geti, nikamfuata. Tunaonana pale karibu kila wiki, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwuliza jina lake na kwao ni wapi. Kwao ni Makunduchi. Tumekunywa kahawa pamoja na nimelipa mimi kwa noti ile ile, na chenji iliyobaki napita nayo Darajani nikitoka kuswali, kwa hiyo Bibi aniambie kama mchele una nazi au nilete.