Ufilisi wa mkopaji mdogo: ushushwe mahakama ya wilaya au ubaki Mahakama Kuu?

Mleta mada, wakili, Dodoma mjini

Nchi hii ina sheria ya ufilisi wa mtu binafsi, Sura ya 25. Ilitungwa 1930 enzi za Mwingereza, na inamruhusu mdaiwa mwenyewe kwenda mahakamani kutamka kwamba hana uwezo wa kulipa madeni yake. Amri ya kupokea mali, ile inayoweka mali ya mdaiwa chini ya msimamizi rasmi, ikishatolewa, mdai asiye na dhamana hawezi tena kumshika yeye wala kukamata mali yake bila ruhusa ya mahakama. Hiyo ndiyo pumzi ambayo watu wengi wenye madeni wanaitafuta, na hawajui kwamba imeandikwa.

Tatizo ni njia ya kuifikia. Maombi yanaanzia Mahakama Kuu. Kuna hati za viapo, tangazo, maelezo ya mali na madeni yote, mkutano wa wadai, kisha kuhojiwa hadharani. Baada ya hapo ufilisi haukomi wenyewe kwa miaka kupita. Mufilisi anarudi kuomba aondolewe, na mahakama inaweza kukataa au kuahirisha. Muuza nyanya wa Majengo mwenye deni la milioni tatu hawezi kulipia safari hiyo, maana gharama inaweza kulizidi deni.

Msimamo wangu: madeni madogo yasiyo na rehani yashushwe mahakama ya wilaya, kwa fomu moja, na mdaiwa mwaminifu awe na tarehe ya kutoka inayojulikana tangu siku ya kwanza. Najua wapo watakaosema tunawalea wakwepa madeni. Karibuni.

Afisa mikopo, Majengo

Wakili, kwa heshima zote, mimi napinga. Sisi wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wenye leseni tusiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 tumewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa 500,000 unaingiza 17,500 kwa mwezi. Mteja mmoja akitokomea na 500,000 hiyo kabla ya rejesho la kwanza, ili kuifidia unahitaji riba ya mwezi mzima ya wateja 29 wanaolipa vizuri, na hapo hujalipa mshahara, pango wala nauli ya kufuatilia marejesho Nkuhungu na Chang'ombe.

Mkopo wa namna hiyo hauna hati. Unashikiliwa na kikundi, mdhamini na jina la mtu mtaani kwake. Ukimpa mkopaji fomu ya kufuta deni kwa gharama ndogo, mwenye leseni ataacha kukopesha chini ya milioni moja. Mteja hataacha shida zake kwa sababu hiyo. Ataenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni.

Mleta mada

Hesabu yako naikubali yote. Lakini mwenye madeni saba hazami kwa sababu ya 17,500 yako. Tazama mkopo wa kausha damu wa 500,000 hiyo hiyo. Fomu 20,000, "bima" 25,000, "uchakataji" 25,000, vyote vinakatwa mwanzoni. Mkononi inafika 430,000, ila riba ya asilimia 30 inahesabiwa kwenye 500,000. Ni 150,000 kila mwezi, na mkopo wenyewe haupungui hata shilingi. Baada ya miezi sita amelipa 900,000 na bado anadaiwa 500,000 kamili. Ili amlipe huyo, anaacha kukulipa wewe. Wewe mwenye leseni ndiye unayegharimia riba ya asiye na leseni.

Afisa utumishi, halmashauri

Kwa watumishi naomba tuongee kwa tarakimu. Mshahara wa msingi 900,000. PSSSF asilimia 5 ni 45,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 27,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ni 135,000. Kodi, baada ya kutoa 45,000 ya pensheni, ni 91,750. Jumla 298,750, bila mchango wa chama cha wafanyakazi. Inabaki 601,250. Kanuni ya theluthi inataka theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 300,000, ibaki kwa mtumishi, kwa hiyo benki ina nafasi ya kukata 301,250 na si zaidi. Mfumo hauruhusu.

Kanuni inaishia hapo. Ile 300,000 ikishaingia benki, anayeitoa ni mkopeshaji wa mtaani aliyeshika kadi na namba ya siri. Anaenda mashine ya kutolea fedha usiku wa mshahara, anachukua 200,000 yake na kumwachia mwenye kadi 100,000 ya mwezi mzima. Mwajiri haoni kitu, hati ya mshahara inaonyesha theluthi ipo. Kwa mtumishi wa hivyo sheria mpya ya ufilisi haitasaidia kitu kama hajaambiwa kwamba jambo la kwanza, kabla ya wakili, ni kwenda benki kuifunga kadi ile na kuomba nyingine. Kadi ni mali ya benki na namba ya siri haiazimwi. Deni linabaki pale pale, lakini mkopeshaji anarudi kwenye njia za kisheria kama wadai wengine.

Mweka hazina wa SACCOS, Kongwa

Mnasahau wadhamini. SACCOS nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, sehemu iliyobaki inabebwa na wanachama wenzake waliosaini. Mkopaji akitangazwa mufilisi, mdhamini hafunguliwi. Kwa hiyo deni mlilomfutia mwalimu mmoja linahamia kwa walimu wawili ambao hawakula hata senti. Hilo wakili hujaligusa.

Mhadhiri wa sheria, Dodoma

Tuangalie walikopita wenzetu. Kenya ilifuta sheria yake ya zamani, ndugu wa hii ya kwetu, ikaweka Sheria ya Ufilisi ya 2015. Ndani yake kuna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: madeni yasiyopungua shilingi 100,000 na yasiyozidi milioni 4 za kule, na baada ya miezi 12 anafunguliwa. Hana mali ya kugawa, kwa hiyo hakuna maana ya kumzungusha kwenye mikutano ya wadai.

Marekani kuna mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni hii tu, kufilisi watu wa kawaida. Njia kuu ni mbili. Sura ya 7 ya sheria yao inauza mali isiyolindwa na kufuta madeni mengi ndani ya miezi michache. Sura ya 13 inampa mwenye kipato mpango wa kulipa kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa Afisa mikopo, angalia masharti: lazima mtu apate ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kufungua maombi, na asome somo la kutunza fedha kabla ya kufutiwa. Matunzo ya watoto hayafutwi. Mikopo ya elimu haifutwi ila kwa kuthibitisha ugumu usio wa kawaida. Kodi nyingi hazifutwi. Wala mdhamini hafunguliwi, ingawa Sura ya 13 inazuia kwa muda asifuatwe kwa deni la matumizi ya kawaida wakati mpango unalipwa. Kizuizi cha namna hiyo kingetufaa kwa SACCOS.

Wakili, Area C

Wakili msomi mwenzangu umeanzia mwisho. Wengi wanaotafuta ufilisi hawauhitaji. Mteja huingia na mfuko wa plastiki umejaa karatasi, risiti zimekunjwa nne, nyingine wino umefutika. Kazi ya saa ya kwanza ni kuzipanga mafungu manne mezani.

Fungu la kwanza ni rehani. Hapo ufilisi haumzuii mwenye rehani, kwa hiyo angalia taratibu zake. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya siku 60 ya kukiuka mkataba. Mnada wa ardhi unataka tangazo la siku 14 angalau. Nyumba ya ndoa inataka ridhaa ya mwenza, na saini ya mwenza iliyoghushiwa ni kosa linaloonekana mara nyingi. Nyumba ikiuzwa kwa bei pungufu ya asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo. Watu wanakuja wiki moja kabla ya mnada wakati notisi ilikuwa kabatini miezi miwili.

Fungu la pili ni makato ya mshahara, ameshayaeleza afisa utumishi. La tatu ni wenye leseni bila rehani: omba kwa maandishi taarifa ya mkopo kuanzia siku ya kwanza, kisha omba muda upangwe upya. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka. Kumpangia rejesho la kila mwezi ni kumpangia kushindwa. Angalia pia tarehe. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, lakini ukilipa hata kidogo au ukiandika barua ya kukiri, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo sababu mkopeshaji wa deni lililochakaa anabembeleza "lete hata elfu kumi".

Fungu la nne ni wasio na leseni, wakiwemo wa kwenye simu. Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 zisizo na kibali Novemba 2024. Kukopesha bila leseni ni kosa, na kuwatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu ya mdaiwa kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Malalamiko hayo yaandikwe na picha za ujumbe ziambatanishwe kabla hazijafutwa.

Ndani ya fungu hilo tafuta karatasi moja yenye hatari kuliko zote: mkataba wa mauziano. Mkopaji anachukua milioni mbili, anasainishwa kwamba ameuza kiwanja, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Akichelewa, hadaiwi mkopo, anaondolewa kwenye "kiwanja cha mtu". Shauri linageuka la ardhi. Kinachomwokoa ni ushahidi kwamba palikuwa na mkopo: miamala ya simu ya kiasi kile kile kila mwezi, bei isiyofanana kabisa na thamani ya kiwanja, na ukweli kwamba aliendelea kuishi hapo bila kulipa pango. Miamala hiyo iombwe mapema kwa mtoa huduma.

Halafu, tafadhali, asiuze ng'ombe kumlipa mdai anayepiga kelele zaidi. Akija kufilisiwa, malipo ya kumpendelea mdai mmoja yanaweza kubatilishwa.

Dalali wa mahakama

Nyongeza ndogo upande wa kukazia hukumu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kinalinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Mwenye rehani yeye haji kwa kifungu hicho, kwa hiyo nyumba iliyowekwa rehani hailindwi hapo. Wanaobeba sofa na televisheni kwa mama wa kikundi bila amri ya mahakama si madalali wa mahakama, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza amri na kitambulisho mlangoni.

Jela ya madai ipo, kikomo miezi sita. Mdai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa, na mahakama inaweza kukataa ikiona mtu hana kitu kwa umaskini wa kweli. Akitoka, deni bado lipo, ila hafungwi tena kwa hukumu ile ile. Kwa hiyo mdai ametumia hela na hajapata hela. Hapo namwelewa mleta mada.

Afisa mikopo, Majengo

Nimesoma yote. Nikubali kimoja: kumfunga au kumkimbiza mtu asiye na kitu hakuturudishii mtaji. Lakini nani atahakikisha hana kitu? Mteja anahamishia kiwanja cha Ihumwa kwa shemeji Januari, Machi anajaza fomu. Mahakama ya wilaya haina mtu wa kwenda kuchimbua hilo.

Mleta mada

Sura ya 25 tayari inaruhusu kurudisha mali iliyogawiwa bure kwa ndugu kabla ya ufilisi. Tunachokosa ni macho ya kuiona. Kwa hiyo fomu iambatane na vitu vitatu: taarifa ya kanzidata ya mikopo, miamala ya simu ya miezi 12, na barua ya mtendaji wa mtaa kuhusu viwanja. Nakala iende RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao ufilisi ni kazi yao kisheria, na kila mdai aliyetajwa apewe siku 30 za kupinga. Atakayeficha, maombi yanakufa na anashtakiwa. Njia hii mtu aitumie mara moja tu katika miaka kumi.

Afisa mikopo, Majengo

Ongeza kwamba mkopo uliochukuliwa ndani ya siku 90 kabla ya fomu haufutwi. Wapo watakaokopa huku fomu iko mfukoni.

Mleta mada

Nimeuchukua.

Mweka hazina wa SACCOS, Kongwa

Na mdhamini? Bila yeye kuwemo kwenye fomu hiyo mimi siungi mkono hata mkiweka siku 300.

Wakili, Area C

Hoja ya mweka hazina ni ya haki. Mdhamini apewe notisi siku ile ile na wadai, akiba ya mkopaji ndani ya SACCOS ihesabiwe kwanza kwenye deni, na kilichobaki mdhamini alipe kwa awamu isiyozidi rejesho la awali la mwezi, bila riba mpya. Mweka hazina, kwa mkopo wa milioni sita wenye akiba ya milioni mbili, hapo mdhamini kila mmoja wa wawili anabaki na milioni mbili. Bodi yako ingeweza kuishi na hilo?

Mweka hazina wa SACCOS, Kongwa

Kwa miezi 24, ni kama 83,000 kwa kila mmoja. Kwa mwalimu ambaye theluthi yake imeshaguswa, makato hayo hayataingia kwenye mfumo. Itabidi iwe miezi 48. Nitalipeleka bodi nikiwa na hesabu ya 48, si 24.