Naomba ushauri: kufunga nitrasi kwenye Altezza

Wakuu habari zenu, nina gari Toyota Altezza RS200 manyo (gia za mkono), injini 3S-GE, nataka kuifunga nitrasi (gesi ya kuongeza nguvu ya injini) ndogo tu ya kuongeza hp (nguvu za farasi) 50, ile inayopuliza gesi pamoja na petroli. Sasa fundi wangu anasema tufunge hivyohivyo bila kugusa taimingi (wakati plagi inapowasha moto), mi naogopa kwa sababu kompresheni yake (injini inavyobana hewa na petroli) ni kubwa, 11.5 kwa 1, ikianza kugonga (petroli kujilipukia yenyewe) si pistoni zinatoboka? Halafu juzi nimefungua plagi, ya silinda ya 3 ncha nyeupe kama chokaa, zingine kahawia safi kabisa. Hiyo si silinda inakosa petroli kwa sababu nozeli yake ya kupulizia imeziba jamani? Aliyewahi kufunga anisaidie, taimingi nirudishe digrii ngapi na pampu ya petroli ya kiwandani itatosha kweli?